Shingo ya Hatibu

Stambuli Halidi ana banda la gemu kando ya barabara ya kwenda Mzinga, mjini Morogoro. Ni banda la mabati lenye mabenchi, televisheni zilizochoka na feni moja inayozunguka inapojisikia. Vijana wa pale wanamwita Komando, sijui kwa nini, maana ni mtu mnene ambaye akikimbia kidogo tu anashika kiuno. Kutwa anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akiamua ugomvi wa nani kafunga na nani kadhulumiwa zamu. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini huku kwetu milimani, kuanzia Mkuyuni mpaka Kinole na Matombo, ukimtaja Stambuli hakuna anayefikiria gemu. Watu wanafikiria misiba.

Ukoo wake ni watani wa ukoo wa marehemu mume wangu, Hatibu. Niseme aliyekuwa mume wangu, maana talaka alinipa akiwa mzima na mwenye akili zake. Kwetu Waluguru mtani ana kazi msibani. Akifa mtu wa ukoo anaotaniana nao, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai chai kama yeye alivyokuwa akidai, na wafiwa wanacheka huku macho bado yamevimba. Maneno hakuna anayemwandikia. Mazoezi hakuna. Anaingia uwanjani na kofia ya marehemu kichwani, hajui atasema nini, na kitakachotoka ndicho hicho. Na hata aseme nini, hairuhusiwi kumkasirikia.

Watani wengi wanashika kitu kimoja tu cha marehemu, ulevi wake au ubahili wake, basi wanamaliza nacho. Stambuli si hivyo. Nilimwona Matombo, kwenye msiba wa mzee mmoja fundi cherehani. Alikaa tu. Akatunga uzi kwenye sindano ambayo haikuwepo, akakosa, akalamba uzi, akakosa tena, halafu akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mjane wa yule mzee alicheka mpaka akaanguka ubavu. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na hakurudi mpaka jioni.

Mimi nauza viungo, mdalasini na pilipili manga, na nikishusha mzigo sokoni huwa napumzika kwenye benchi la nje pale bandani. Pana kivuli, na Stambuli hanifukuzi. Kwa kuwa nimewahi kuolewa na mtani wake, ananiita mke wangu mbele za watu.

"Mke wangu, shikamoo!"

"Marahaba, mume nisiyemtaka."

Ndiyo salamu yetu. Siku moja alikuwepo Leonard, mwalimu wa kwaya kule misheni ya Matombo, ambaye akija mjini lazima apite pale kucheza gemu la mpira, na lazima afungwe. Alikuwa ameshika pedi ya gemu huku anabishana na Stambuli.

"Hivi vitu vyako vyote viwili," alisema Leonard, "hili gemu na huo utani wa misibani, ni kuchangamsha watu tu. Usiviite sanaa. Sanaa ni kitu kikubwa."

"Mwalimu, angalia kipa wako. Kalala."

"Sikiliza kwanza. Kitu kikubwa lazima kikutie woga kidogo. Kuna wimbo wa Ijumaa Kuu tukiufikisha pale panapotakiwa, mimi mwenyewe niliyeufundisha nywele zinanisimama. Humu ndani naogopa kufungwa tu."

"Na umefungwa. Na msibani je?"

"Msibani unachekesha. Kuchekesha ni kuchekesha."

"Siku nikikutia woga utafanyaje?"

"Nitakupa nafasi kwenye kwaya, na unavyolia kama mbuzi."

Vijana walicheka. Stambuli akanigeukia. "Mke wangu, wewe unasemaje?"

"Nasema kiti chako kina mguu mbovu."

Kitu cha kunisimamisha nywele sikukumbuka mara ya mwisho kilikuwa lini. Mimi ni kama mguu uliokufa ganzi. Unaukanyagia, unatembea nao, lakini hauko pale.

Kuna siku nilikuwa sipumziki kwenye benchi lile. Nikiona fimbo ya Hatibu imeegemezwa mlangoni, nilipita moja kwa moja bila kugeuza uso.

Hatibu alikuwa dereva wa kenta. Alipakia ndizi na mananasi Kinole na kushusha mjini. Siku ya ajali nilikaa naye mbele, na Twalibu, mtoto wa dada yake Chausiku, alikaa juu ya ndizi kama wanavyokaa mautingo. Twalibu alikuwa mpwa, na kwetu mpwa ndiye mrithi. Hatibu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na hilo silisemi kwa ubaya. Tulipofika mteremko wa Kona ya Mfenesi, kidevu cha Hatibu kilishuka kifuani. Alikuwa amesinzia. Niliita jina lake. Akanyanyua kichwa kwa kushtuka, kama mtu aliyepigwa kofi, na hapo njia ilikuwa imeshatuishia.

Nilizinduka hospitali, taya limefungwa, siwezi kusema. Twalibu alikuwa ameshazikwa. Na maneno yalikuwa yameshasemwa. Hatibu aliwaambia trafiki na ndugu zake kwamba tulikuwa tunagombana garini, na mimi kwa hasira nikaushika usukani.

Taya lilipopona nilikwenda kwa Chausiku. Nilimkuta anaepua sufuria. Nikamwambia, "Wifi, mimi sikushika usukani." Nilitaka kuendelea. Akasema, "Ukimtaja mwanangu tena mbele yangu nakumwagia haya maji." Yalikuwa yanachemka. Sikumtaja tena. Na hayo ya kusinzia sikumwambia mtu yeyote. Nani angenisikiliza? Mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja, na upande wa pili dereva mwenye leseni, mwenye ndugu, anayelia mpwa wake.

Talaka ikafuata. Nikarudi Matombo kwenye shamba la ukoo wa mama yangu. Jina la mwanamke aliyeshika usukani likanifuata. Mpaka leo vijana wa bodaboda pale Mkuyuni nikipanda wanasema, "Mama, mikono nyuma!" Wanacheka. Wengine walikuwa hawajazaliwa, hawajui hata wanamcheka nani kwa kosa gani. Mimi huweka mikono mapajani na kutazama migomba ikipita.

Hatibu naye sukari ilimshika. Wakamkata mguu wa kulia, ule wa mafuta na breki. Leseni ikawa haina kazi. Akahamia mjini kwa mdogo wake Ahmadi ili awe karibu na kliniki, na huko ndiko alikogundua kwamba Stambuli ana gemu la malori, lenye usukani wa plastiki na pedeli zake. Stambuli alimsogezea pedeli upande wa kushoto. Mzee mzima, mguu mmoja, taulo shingoni, akawa anakuja kila asubuhi kabla vijana hawajajaa, anaendesha lori kwenye barabara za nchi asizozijua. Stambuli alikuwa akisimama nyuma yake akimtazama. Sikuambiwa hayo wakati ule. Mimi nilikuwa naiona fimbo tu.

Alikufa msimu wa machungwa. Walimzika Kinole. Sikwenda kwenye maziko.

Baada ya siku chache Stambuli alinikuta sokoni. Hakuniita mke wangu. Alichuchumaa mbele ya ungo wangu wa mdalasini, akawa anachagua vijiti ambavyo hakuwa na haja navyo.

"Shangazi," alisema, "siku ya kuanua tanga nimeitwa. Bibi Chausiku anataka niifanye ile ya usukani."

"Ile ipi?"

"Ile. Wewe na yeye garini. Anasema watu wacheke nayo mara ya mwisho, waizike pamoja na kaka yake. Na anataka uwepo, watu wakuone. Nikasema kwanza nije nikwambie."

Nilielewa. Tanga likishaanuliwa, habari za marehemu hufungwa. Likianuliwa na mimi nimeshika usukani, nitabaki nimeushika mpaka naingia kaburini. Na nisipokwenda, ndiko kukubali kwenyewe.

"Nitakuja," nikasema.

"Shangazi, ilikuwaje hasa siku ile?"

"Wewe fanya utani wako, Stambuli. Huo mdalasini usiuvunjevunje."

Akaondoka. Angeuliza tena pengine ningemwambia. Hakuuliza tena.

Siku ya kuanua tanga nilifika Kinole hitima imeshasomwa. Wanaume walikuwa wamekaa upande wa michungwa, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Chausiku alikuwa katikati ya mkeka mkubwa, amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyenisogelea. Nilisimama kwenye nguzo ya kibanda cha jiko, karibu na kuni.

Stambuli akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa koti la Hatibu, mzula wa Hatibu kichwani na taulo shingoni, ana fimbo. Alipotokea tu watu wakaguna, kisha wakaanza kucheka.

"Chai!" alisema kwa sauti ya Hatibu. "Weka sukari. Weka! Daktari yuko mjini, mimi niko Kinole."

Wakacheka. Akanywa chai isiyokuwepo, akaficha kikombe nyuma ya mgongo Ahmadi alipomtazama. Ahmadi mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, kwa kuwa kumbe hivyo ndivyo kaka yake alivyokuwa akimdanganya nyumbani kwake.

Kisha akaweka fimbo chini. Akachukua kinu cha jikoni, akakipindua, akakikalia. Akamnyang'anya mwanamke mmoja ungo wa kupepetea mchele, akaushika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Watu wote walijua sasa inakuja ipi.

"Mke wangu yuko wapi?" akaita. "Mwanvita! Njoo ukae mbele!"

Uwanja mzima ukanigeukia pale kwenye nguzo.

"Mikono juu!" akasema mtu upande wa michungwa, na kicheko kikapita kama upepo kwenye majani ya mgomba. Sikusogea. Sikuona aibu wala hasira. Niliona kwamba moshi wa jikoni ulikuwa unakwenda upande wa msikiti.

Stambuli akaondoa gari. Alibadilisha gia kwa mdomo, akapiga honi, akawapungia wanawake wa Mkuyuni. "Mama, hayo mananasi yamelala tangu juzi, usinidanganye!" Akainama kupita chini ya matawi. Akapiga paa la gari na kusema, "Twalibu, shikilia huko juu!" Watu wakanyamaza kidogo kwa hilo jina, kisha wakacheka tena, kwa sababu Hatibu alikuwa akilipiga paa hivyo hivyo. Pembeni yake aliacha nafasi tupu. Hakuitazama wala hakuisemesha. Walimngoja aanze ugomvi na hiyo nafasi. Wengine walikuwa wameshaanza kucheka mapema.

Hakuanza ugomvi. Alikuwa kwenye mteremko. Tuliona kwa jinsi alivyoegemea nyuma. Midomo ikaacha kunguruma. Uso ukalegea, si kama uso wa mtu anayechekesha, ulilegea kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Kidevu kikashuka. Kikashuka tena. Kikafika kwenye taulo na kutulia hapo.

Ungo ukamtoka mikononi. Ukazunguka uwanjani peke yake, ukapita mbele ya wanaume, ukafika kwenye mkeka wa Chausiku, ukayumba, ukalala.

Hapo ndipo kichwa kilipoinuka. Kilinyanyuka kwa kushtuka, kama mtu aliyepigwa kofi. Mimi ndiye mtu pekee duniani niliyewahi kukiona kile kichwa kikifanya vile, kwenye gari, njia ikiwa imekwisha. Akatazama mikono yake. Kisha akageuka taratibu, akatazama nyuma na juu, pale ambapo ndizi zingekuwa.

"Twalibu?" akasema.

Hilo la mwisho sikuliona siku ya ajali. Nilikuwa nimeshazirai. Sijui kama lilitokea.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo. Niliwatazama wale watu wote nikaona wameogopa, na nikamkumbuka Leonard na nywele zake. Mimi nywele zangu zilikuwa zimelala tu. Nilikuwa nimeshika nguzo.

Ahmadi akasimama. "Aah, jamani, Stambuli leo kasahau kipande cha mke! Utani huo, utani tu. Leteni pilau." Watu wakapumua. Wawili watatu wakacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Hapo nikaliona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mtani hakasirikiwi kwa anachosema, na kwa hiyo hicho hicho anachosema si ushahidi wa kitu chochote. Nimesafishwa mbele ya ukoo mzima kwa njia ambayo haihesabiwi.

"Rudia," akasema Chausiku.

Stambuli alikuwa ameshavua mzula. Jasho linamtoka. "Bibi, haya mambo hayarudiwi."

"Nimesema rudia."

Akavaa mzula, akaokota ungo, akakaa kwenye kinu. Akanguruma, akaegemea nyuma, akashusha kidevu, akauachia ungo, akanyanyua kichwa. Yote yalikuwepo, moja baada ya jingine, na hapakuwa na mtu. Alikuwa Stambuli mnene amekalia kinu, anaigiza mtu anayesinzia. Ungo uliangukia miguuni pake. Yule mtoto aliyelia sasa akacheka. Stambuli hakuugeuza uso kumtafuta Twalibu. Alibaki amekaa, anatazama chini.

Chausiku akaitoa kanga kwenye nyusi. Alinitazama. Hakuwa amenitazama tangu siku ya sufuria.

"Alisinzia?"

"Alisinzia."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema nisimtaje mwanao."

Wanawake waliomzunguka walikuwa wanatazama mikono yao. Upande wa michungwa sahani zilikuwa zimeanza kugongana. Nilidhani Chausiku atalia, au atanitukana. Alijivuta tu kwa makalio, kidogo, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Kaa, wifi," akasema. "Utakula umesimama?"

Nikakaa. Ukindu ulinichoma magoti. Tulikula sahani moja, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilingoja kitu kiamke ndani yangu, furaha au kilio, chochote. Pilau ilikuwa na chumvi nyingi. Nilikula mpaka ikaisha.

Ningependa kusema mambo yalibadilika. Ahmadi mpaka leo anasema ulikuwa utani. Bodaboda wa Mkuyuni bado wanasema mikono nyuma. Chausiku alinitumia chane ya ndizi mbivu kwa mtu anayekwenda Matombo, bila salamu. Nilizila. Hayo ndiyo yote.

Stambuli nilimwendea bandani, asubuhi, vijana hawajajaa. Nilimwuliza nani kamwambia.

"Hakuna aliyeniambia, shangazi. Wallahi."

"Hatibu hakukwambia?"

"Hatibu na mimi tulikuwa tunazungumza mpira. Lakini nilikuwa nasimama hapa nyuma yake." Akanionyesha. "Kila akifika kwenye mteremko mrefu, shingo yake inashtuka. Hajalala, macho yako wazi kabisa, lakini shingo inaruka hivi. Kila siku. Nilifikiri ni sukari. Siku ile nakwenda Kinole sikuwa na kitu kingine cha kwake, nilikuwa na hiyo shingo tu. Nikataka niishtue. Sasa pale kwenye kinu, nikaona shingo haiwezi kushtuka kama haijalala kwanza. Basi nikailaza. Ilipolala ndipo nikajua, na nikaogopa."

"Na ulipomwita Twalibu?"

"Sikumwita mimi." Akakuna kichwa. "Sijui, shangazi. Usiniulize hilo."

Alisema Leonard amesikia habari na amekuja kumwambia aache kujidai, kwaya bado haina nafasi. Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa natazama usukani. Ulikuwa pale pale kwenye meza, wa plastiki nyeusi, umeng'aa sehemu mbili, kulia na kushoto, pale mikono ya Hatibu ilipokuwa ikikaa. Miaka yote hii watu wananiita mwanamke aliyeshika usukani, na mimi sijawahi kushika usukani wa gari lolote, wala wa kuchezea.

"Niwashie," nikasema.

"Nini?"

"Hilo lori. Niwashie."

Hakutania. Aliwasha televisheni, akanisogezea kiti, pedeli akaziacha zilipokuwa. Nikaweka mikono. Sikuiweka pale palipong'aa. Sikujua inawekwa wapi, nikashika chini kama mtu anayebeba beseni. Barabara ikaja. Lilikuwa la ajabu lile jambo, jinsi barabara inavyokuja yenyewe. Niligeuza kidogo, lori likaruka upande mwingine, nikageuza zaidi, likaingia mtaroni na kulala.

Vijana wawili walikuwa wameshaingia. "Bibi kaangusha!" akasema mmoja, wakacheka.

"Hajui," akasema mwenzake. "Angalia mikono. Hajawahi kushika huyu."

Sikugeuka. Stambuli alibonyeza kitu, na lori likarudi barabarani limesimama wima, bila mkwaruzo, mzigo wote juu yake. Mbele kulikuwa na mteremko. Nikashika tena usukani na kuteremka nao, polepole.